Kiswahili cha Ojiko

Wandera amekufa. Nimeambiwa na binti yake, Nafula, Jumapili iliyopita, amekaa ukingoni mwa kitanda changu hapa Al Barsha na kikombe cha chai kinapoa mkononi. Amekuja Dubai kufanya kazi ya hoteli kule Marina, upande uleule ambao babake alilinda mlango wa jengo la watu wenye nafasi miaka ile, na nambari yangu aliipata kwenye simu ya marehemu, imeandikwa "Dada Rukia Misaki". Nilicheka nilipolisikia jina hilo, kisha nikajishika, maana kucheka mbele ya mfiwa ni kukosa adabu. Nikampa pole. Nikamwuliza maradhi, akasema sukari, ilianza na mguu. Nilikuwa nimepika mbaazi za nazi na mahamri tangu asubuhi, kwa sababu mimi mgeni wangu akiondoka na njaa silali, lakini mtoto wa watu alimega hamri moja tu akalizungusha kwenye mbaazi mpaka likalowa lote. Nikajua ana neno.

"Shangazi," akasema, "nikuulize kitu, usikasirike?"

"Uliza. Nikikasirika nitakwambia."

"Baba alikuwa anaongea vile kweli?"

Sikuhitaji kumwuliza vile vipi. Kwao ni Busia, upande wa Uganda, na nyumbani walizungumza Kisamia, kwa hiyo Kiswahili cha babake alikijua kwa njia moja tu, kwenye televisheni za Kenya zinazoshika mpaka kwao, ndani ya ile tamthilia ya Kijapani ambamo babake alimtilia sauti mhusika Mwafrika. Shuleni watoto walimwita Nafula mwenyewe Ojiko, jina la yule mtu wa tamthilia. Wakimwona anakwenda kisimani wanamfuata nyuma, "Mimi kimbia! Mimi furahi!" Na babake aliporudi nyumbani moja kwa moja, tamthilia ikirudiwa, alikuwa anainuka anatoka kwenda kuchanja kuni, hata kuni zikiwa zimejaa. "Nilimwonea haya kumwuliza," Nafula akasema. "Nikadhani ndivyo alivyokuwa anaongea huku, na watu wakamcheka miaka yote."

Lo! Nimekaa mji huu mpaka magoti yameanza kunisemesha, nimeulizwa mengi na wateja na mapolisi na wenye nyumba, lakini swali kama lile sijapata kuulizwa. Nikamwambia aiweke ile chai chini, nitamchemshia nyingine, maana hadithi yenyewe ni ya mwaka mzima.

Mwaka ule nilikuwa nauza mabegi ya safari katika duka moja karibu na lile soko kubwa la hapa Al Barsha, nasimama kutwa nikiwafungulia watu zipu. Ijumaa ilikuwa siku yangu ya mapumziko, na badala ya kulala kama watu wenye akili, nilikuwa napanda basi mpaka Al Baraha, kwenye ghorofa la zamani lisilo na lifti, nyumbani kwa Bi Zuhura. Bi Zuhura alikuwa Mzanzibari wa zile familia zilizohamia huku zamani sana, mama mkubwa, mweupe wa nywele, anayenukia udi hadi jikoni. Chumba chake kimoja alikuwa amekigeuza studio. Tamthilia za Kikorea, za Kituruki, za Kijapani zilikuwa zinakuja pale zinatiwa Kiswahili, kisha zinapelekwa kwa televisheni za kwetu. Usifikirie studio ya kioo na mataa. Kuta zilikuwa zimeegemezwa magodoro, dirisha limezibwa kwa mablanketi mawili ya manyoya, ya yale yenye picha ya chui, na maikrofoni moja imefungwa kwenye mguu wa feni bovu. Na sheria ya kwanza ya chumba kile ilikuwa AC izimwe kabla ya kurekodi, kwa sababu ilikuwa inanguruma. Katika joto la Dubai! Bi Zuhura anasema "Zima AC," na hapo unaanza kuhesabiwa pumzi. Nilikuwa natoka mle nimelowa kama niliyeogeshwa na nguo, nasikia kizunguzungu, lakini nikisikia sauti yangu ikitoka katika kinywa cha msichana wa Kijapani nilikuwa nasahau zipu zote za dunia.

Msichana mwenyewe ndiye Misaki. Tamthilia tuliipa jina *Mshipi wa Mwisho*. Ilikuwa habari ya vijana wa chuo wanaokimbia mbio ndefu za kupokezana, na wanachopokezana si kijiti bali ni mshipi wa kitambaa, mmoja anauvua begani umelowa jasho anamvika mwenziwe anayemngoja, na yule anaondoka nao. Misaki ndiye anayewawekea maji na kuwatunzia saa. Anampenda kaptani, Kenji, na Kenji anampenda, na inawachukua sehemu zote zile kuambiana. Sauti ya Kenji aliitia Musa, kijana wa Tanga aliyekuwa anauza simu Deira, mzaha mwingi. Na katikati yao hao wawili akawekwa Ojiko, mwanafunzi kutoka Kenya. Jina hilo, mimi niliyezaliwa Mombasa na kusoma Kenya, sijapata kulisikia kwa kabila lolote. Ojiko anakimbia kuliko wote, anakula kuliko wote, anaogopa theluji, anacheka pasipochekwa. Naye anampenda Misaki. Kila mwenye macho anaona kwamba anampenda, isipokuwa walioiandika hadithi, maana kila akianza kumtazama vizuri wanamletea bakuli la wali.

Ndipo akaletwa Wandera. Sir Faris, mwenye mikataba, yule aliyekuwa anazungumza na watu wa televisheni, alisema anataka mtu mwenye sauti nzito. Wandera alikuwa mrefu, mtaratibu, kavaa bado suruali ya sare ya ulinzi, akasimama mbele ya maikrofoni kama anayepigwa picha ya pasipoti. Sauti yake, jamani. Mpaka leo nikiikumbuka najikuta nimesimamisha ninachofanya. Ilikuwa inatoka chini kabisa, haina haraka, inakupa nafasi ya kukaa. Lakini Kiswahili chake kilikuwa kile cha Uganda, cha barabarani, kila neno linashika njia yake. Alipomaliza kusoma, Musa akashindwa kujizuia. "Kiswahili kilizaliwa Unguja," akasema, "kikaugua Kenya, kikafa Uganda." Tukacheka sote. Wandera naye akacheka, akajifuta jasho, akasema, "Sawa. Basi mimi nimekuja hapa kufufua." Bi Zuhura alikuwa amefumba macho muda wote huo. Akayafumbua akamtazama Sir Faris, na Sir Faris akatikisa kichwa kuonyesha kwamba huyu ndiye.

Wandera alishuka ngazi mbio akapiga simu kwao palepale chini, karibu na mapipa ya taka. Sikujua Kisamia, lakini nilisikia "televisheni", na nikasikia "Nafula, Nafula, Nafula". Aliamini amechaguliwa kwa sauti yake. Sote tuliamini hivyo.

Sasa, tulipoanza kazi mimi nikaona kichekesho ambacho hakikunichekesha. Mswada ulimtaka Ojiko aongee vipandevipande. Nikamwambia Sir Faris, mbele ya watu, kwa sababu mimi nikiwa na neno tumboni linaniuma. "Sir, kule Japani huyu ni mgeni, haya, avunje Kijapani, simlaumu. Lakini hapa Wajapani wote tumewapa Kiswahili cha Mji Mkongwe. Kenji akifungua mdomo utadhani kalelewa na Bi Zuhura. Halafu mtu wa kwetu peke yake, Mkenya, ndiye asiyejua Kiswahili? Nani atakubali?" Sir Faris hakuwa mtu mbaya wa maneno. Alicheka, akanigusa bega, akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba watazamaji wanampenda hivyohivyo, anawachekesha, na hadithi si yetu. "Yalla, Rukia," akasema, "tufanye kazi, khalas, yaishe." Nikachukua mswada wangu. Wandera alikuwa ananitazama kwa mshangao kidogo, kama niliyemtetea kwa kesi asiyojua kwamba anayo.

Lakini nyumba ile ilikuwa na sheria ya pili, na hiyo ndiyo iliyoleta balaa lote. Baada ya kurekodi Bi Zuhura hakumwachia mtu aondoke bila kula. Anatandika busati sebuleni, anateremsha sinia la pilau, samaki wa kukaanga, kachumbari, ndimu na pilipili ya kusaga, na AC inafunguliwa mpaka tunatetemeka. Na mezani kwake, ingawa meza hakuna, Kiswahili hakivunjwi. Alimwambia Wandera siku ya kwanza: "Kule ndani vunja unavyotakiwa. Hapa mbele ya chakula changu, mwanangu, hapana. Chakula kinaingia vibaya." Wandera akiomba chumvi ovyo, hapewi. Bi Zuhura anaishika mkononi anamtazama. Siku moja alikula sahani nzima ya wali bila chumvi kwa ubishi, sote tunamtazama, na alipomaliza akasema polepole, "Bi Zuhura, nakuomba chumvi, tafadhali, hata kama nimeshiba." Bibi akacheka mpaka machozi yakamtoka, akamwongeza samaki.

Basi ikawa hivyo kila Ijumaa. Ndani ya chumba cha magodoro Bi Zuhura anamwambia, "Vunja zaidi, hapo umesema vizuri mno," na dakika chache baadaye, sebuleni, anamkatiza kwa kijiko, "Sema tena, uzuri." Mimi sijaona kichaa kama kile. Bibi wa watu hakuweza kujizuia. Kiswahili kibaya kilikuwa kinamuuma, na kazi yake ilikuwa kukitengeneza. Na Wandera alikuwa na njaa ya kujifunza. Akiwa lindoni ananipigia simu kuniuliza watu wa Mombasa wanasemaje kitu fulani, na mimi nipo katikati ya mteja, naishika simu kwa bega. Alianza kuniita dada, halafu akaanza kuniita Misaki kwa utani, na mimi nikamwita Ojiko, mpaka siku moja akaniambia kwa upole, "Jina hilo liache hukohuko ndani." Sikumwita tena. Watu wamewahi kuniuliza kama nilimpenda. Alikuwa na mke, na mimi nilikuwa na mambo yangu, na atakayeniuliza tena nitamjibu vibaya. Ila nitasema hili: Ijumaa isiyokuwa na sauti yake ilikuwa inanionea.

Baridi ilipoingia, hii baridi ya huku ya kuvaa sweta kwa fahari, Wandera alikuwa anazungumza hivi kwamba Musa alikuwa ameacha mizaha. Hakuwa anaongea kama Mzanzibari, wala hakutaka. Alikuwa na mwendo wake, wa taratibu, na maneno yalikuwa yamekaa sawa ndani ya ile sauti. Na bila yeye mwenyewe kutambua, Ojiko akaanza kupona. Sehemu baada ya sehemu, yule mtu wa bakuli la wali akawa anasema vitu vinavyosikika. Alipomwambia Misaki kwamba theluji inamkumbusha pamba za nyumbani kwao, nilisahau mstari wangu. Bi Zuhura aliyasikia hayo yote na hakusema vunja. Aliyaacha yapite.

Siku Sir Faris alipokuja amekasirika, mimi nilikuwa jikoni nakamua ndimu. Televisheni ilikuwa imelalamika: Ojiko hachekeshi tena, amekuwa mtu mwingine. Nilimsikia akimwambia Bi Zuhura sebuleni, kwa Kiingereza, sauti imepanda: "Yule nilimchukua kwa sababu hajui! Walinzi wako wengi wanaojua Kiswahili, ningewachukua hao. Nani aliwaambia mumfundishe?" Bi Zuhura akajibu kitu kwa Kiarabu, polepole, sikukisikia. Nilipogeuka, Wandera alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na sahani za watu mikononi. Kiingereza alikuwa anakijua kuliko mimi. Alinipita, akaziweka kwenye sinki, akaziosha moja moja, akazifuta, akazipanga. Kisha akaingia chumba cha magodoro akasema mwenyewe, "Zima AC." Na akavunja. Alivunja Kiswahili siku ile hadi Musa, aliyefika baadaye na hakujua lililotokea, akaangua kicheko. Alipotuona nyuso zetu, akakiacha kicheko katikati.

Nilimfuata kwenye ngazi. Nilikuwa na hasira, na nilimwambia waziwazi kwamba ningekuwa yeye nisingerudi, wamtafute mwingine wa kumchekesha Faris. Akaketi kwenye kipandio, magoti yakamfika kifuani. "Nafula ameshawaambia shule nzima kwamba babake yuko kwenye televisheni," akasema. "Nikitoka sasa, sehemu ijayo watasikia mtu mwingine. Atawaambiaje?" Akaendelea, "Mwisho kuna yale maneno ya stesheni, Ojiko anapoagana na Misaki. Marefu. Nikiyasema hayo vizuri, yananitosha. Mtoto anakumbuka la mwisho. Hayo mengine atasema baba alikuwa anaigiza." Huo ndio mpango aliokuwa nao, basi. Hakutaka kingine katika ile tamthilia, wala Dubai nzima, nadhani.

Wiki hizo Musa alikuja na kitu kwenye simu. Alikuwa amempata yule mwigizaji wa Ojiko, yule mwenyewe wa kwenye picha, akihojiwa, na chini kumeandikwa Kiingereza. Kumbe hakuwa Mkenya, wala Mwafrika wa popote tunapopajua. Mamake Mjapani, babake mtu mweusi wa Marekani, amezaliwa na kulelewa hukohuko Japani, na Kijapani ndicho alichonyonya. Akasema siku ya kwanza ya kazi aliambiwa aisahau lugha yake, aongee kama aliyeshuka kwenye ndege jana, akafanya mazoezi nyumbani mbele ya mamake, na mamake akaondoka chumbani. Akacheka alipokuwa anaeleza hayo. Kilikuwa kicheko ninachokijua, kile cha kumsaidia anayekuuliza. Tulikuwa tumezunguka simu ile juu ya busati, chakula kinapoa, na Bi Zuhura hakumhimiza mtu kula. Wandera akaomba aonyeshwe tena. Akaitazama yote tena. "Kumbe na yeye," akasema. Siku ile chumvi alipewa bila kuiomba.

Sehemu ya mwisho tulirekodi mapema mchana, jua limechoma mpaka kitasa cha mlango. Ojiko ameumia mguu. Mguu ndio waliomwitia, kwa hiyo anarudishwa kwao, na wala timu nzima haiji kumuaga, anakuja Misaki peke yake stesheni, amemletea mshipi ili auguse mara ya mwisho. Wandera akamwambia Bi Zuhura, mbele yetu, kwamba anaomba ayaseme maneno haya kwa Kiswahili chake. Alikuwa ameyatengeneza mwenyewe wiki nzima lindoni, akiyapima na midomo ya yule mwigizaji, pumzi kwa pumzi. Bi Zuhura akasema, "Tutarekodi mara mbili. Moja yako, moja yao. Na nitatuma yako. Zima AC." Mimi nikasimama upande wangu wa maikrofoni, maana kule mwisho Misaki hana neno la kusema, kazi yangu ilikuwa kulia tu. Nimelia kwa kazi mara nyingi, najua pa kubana pumzi. Siku ile sikubana kitu. Musa alitazama ukutani. Wandera alipomaliza, Bi Zuhura hakusema "basi" kama kawaida yake, akaizima mashine kwa mkono, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, na tukakaa mle ndani katika joto bila mtu kukumbuka kuwasha AC. Kisha akarekodi ile nyingine. Ilichukua muda mfupi sana.

Sehemu hiyo ilipoonyeshwa tulikutana kwa Bi Zuhura kuitazama. Alipika kama wa harusi. Wandera alikuja amevaa shati jeupe limepigwa pasi, akaketi mbele kabisa, simu ameiweka pajani kwa sababu Nafula na mamake walikuwa wanatazama Busia kwa jirani, na walikuwa wamepanga kupigiana ikimalizika. Stesheni ikatokea. Treni ikasimama. Ojiko akafungua mdomo.

"Misaki, wewe hapana lia. Mimi kimbia sana, sasa mguu mbaya. Wewe furahi, mimi furahi."

Kilio changu kilikuwa kilekile cha kweli, wamekitoa kule wakakibandika huku. Simu ya Wandera ikalia pajani. Akaiacha ilie, ikakatika, ikalia tena. Akaipokea. Akazungumza Kisamia, akacheka, akacheka tena kwa sauti kubwa, kile kicheko cha kumsaidia anayekuuliza, huku macho yake yako kwenye sinia. Alipokata simu alituaga mmoja mmoja, akamshukuru Bi Zuhura kwa chakula ambacho hakukigusa. Kiswahili chake kilikuwa safi kabisa. Mlango ulipofungwa Musa akasema, "Ebo, si tulituma ile nyingine?" Bi Zuhura akainua sinia akaenda jikoni.

Bi Zuhura aliniambia baadaye jikoni, amenishika kifundo cha mkono. "N'liituma yake, wallahi. Waliirudisha. Wakasema wakikosa ile nyingine hawailipii tamthilia yote, kazi yenu nyote, mwaka mzima. Ningefanyaje, Rukia?" Nilimkasirikia, na sikujua ningemwambia afanyeje. Mpaka leo sijui. Yeye naye ameshatangulia, Mungu amrehemu, na ile nyumba ya Al Baraha sasa ni bohari la makava ya simu. Ile rekodi nzuri nilimwuliza, akasema mashine ilijaa wakafuta.

Wandera hakurudi Ijumaa nyingine. Hakugombana na mtu. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka, na yeye alikuwa mtu wa kuelewa haraka. Nilikwenda Marina kumtafuta, nikamkuta mlangoni pa jengo lake ndani ya sare, mikono nyuma. Nilimsalimia kwa Kiswahili. Alinijibu kwa Kiingereza, kwa heshima zote, akaniita madam. Nikasema, "Wandera, ni mimi." Akasema anajua, kwa Kiingereza vilevile, akanifungulia mlango, mimi ambaye sikuwa na pa kwenda mle ndani. Niliingia, nikazunguka kwenye ile baridi ya marumaru, nikatoka. Nililia ndani ya metro mpaka mama mmoja wa Kifilipino akanipa karatasi ya kufutia. Nilidhani amenichukia. Ndiyo maana lile jina kwenye simu yake, la Misaki, lilinichekesha, na likaniuma vilevile.

Hayo yote nikamweleza Nafula, na chai ya pili nayo ikapoa. Hakulia. Aliuliza tu, "Aliyasema vipi, yale ya kwake?" Nikamwambia aitafute ile sehemu kwenye simu. Ipo, vitu hivi havifi. Akaipata, akaniletea, stesheni imejaa kioo chote, yule mtoto wa Kijapani aliyefanywa mgeni kwao anangoja kufungua mdomo.

"Iondoe sauti kabisa," nikamwambia. "Na uzime AC."

"Kwa nini AC?"

"Zima tu, mwanangu."

Akazima. Chumba kikanyamaza, joto likaanza kuingia. Midomo ya Ojiko ikafunguka, na mimi nikaingia nayo, pumzi kwa pumzi, alivyozipima babake lindoni:

"Misaki, usinililie. Nilipokuja huku watu walitaka kujua miguu yangu tu. Wewe peke yako uliniuliza kwetu kukoje. Mshipi huu niliupokea umelowa jasho la wenzangu, nikauongeza na langu. Sasa mvike mwingine. Akifika, ujue na mimi nimefika."

Midomo ikafunga palepale nilipofunga. Sikukosea hata neno. Lakini ilikuwa sauti yangu, sauti ya mama wa Mombasa mwenye mafua, na ile iliyopaswa kuyasema imo kaburini Busia, na hilo sikuweza kumtengenezea mtoto. Nikamwambia hivyo. "Maneno ni yake, Nafula. Sauti sina."

Alikuwa ameinamia simu. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso, hakulifuta.

"Shuleni walipokuwa wanamwigiza," akasema, "mimi nilikuwa nacheka nao. Siku moja alikuja kunichukua, akanikuta nacheka."

Nikanyoosha mkono nikairudisha picha mwanzo wa stesheni, treni ikarudi nyuma, na Ojiko akasimama tena mdomo umefungwa.

"Haya," nikamwambia. "Sema wewe."